Nimemaliza chuo, moyo uko Mwanza: nirudi au nibaki Dodoma?

"Mshauri, shikamoo. Nina miaka 24, nimemaliza shahada ya uhasibu hapa Dodoma. Nilizaliwa na kukulia Kirumba, Mwanza, hadi nilipokuwa kidato cha pili. Ndipo baba alipopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha samaki, tukahamia Morogoro kwa kina mama. Tangu hapo sijapazoea mahali pengine popote. Kila usiku naiota Mwanza: ziwa, mawe, kelele za soko la samaki la Mwaloni asubuhi. Bibi yangu alizikwa Kisesa nikiwa kidato cha sita, nilikuwa kwenye mitihani, sikwenda. Sasa nimepata kazi ya mkataba wa mwaka mmoja Dodoma, mshahara 550,000, na wamenipa hadi mwisho wa mwezi ujao niwajibu. Wakati huohuo rafiki yangu wa shule ya msingi anauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni. Anataka niende nimshikie hesabu, atanipa 300,000, nami nitakaa kwa mama mdogo Igoma hadi nijipange. Mama anasema kurudi Mwanza ni kurudi nyuma, hakunisomesha nikashinde na dagaa. Mimi naona ndoto hizi si za bure, ni kama naitwa. Lakini naogopa: nikirudi nikakuta siyo ile Mwanza, nitakuwa nimepoteza kazi na nimeipoteza na Mwanza yenyewe. Nifanye nini?"

Marahaba, binti yangu. Hongera kwa kumaliza chuo, na hongera kwa kuuliza mapema. Wengi hunitafuta wakiwa wameshapakia mabegi.

Nimeisoma barua yako nikaona kwamba suala la mshahara halikusumbui sana. Kati ya 550,000 na 300,000 mhasibu hahitaji mshauri. Kinachokukosesha raha kipo kwenye sentensi yako ya mwisho: unaogopa kwamba ukienda ukaigusa, Mwanza uliyoitunza moyoni miaka yote hii haitabaki salama. Unatamani kwenda kwa sababu unaipenda, na unaogopa kwenda kwa sababu hiyohiyo. Nitaanza na hapo. Kazi tutazifikia.

Kwanza ndoto. Imani yako siiingilii. Kama unaamini Mungu husema na watu usingizini, endelea kuamini. Ila hali uliyomo ingemfanya karibu mtu yeyote aote kwao. Umemaliza chuo, marafiki wa hosteli wametawanyika, ratiba iliyokuwa ikikupangia siku imekwisha, na unatakiwa uamue jambo kubwa peke yako. Daktari mmoja wa Uswisi, Johannes Hofer, aliandika mwaka 1688 kwamba hamu kali ya nyumbani ni ugonjwa, na kwamba mgonjwa akirudishwa kwao atapona. Kwa muda mrefu wengi walimfuata. Wanasaikolojia wa siku hizi, wakiwemo Constantine Sedikides na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southampton, wamelichunguza jambo hilo wakaona sura nyingine. Hamu ya zamani huja hasa mtu anapokuwa mpweke, au maisha yake yanapokatika ghafla kutoka hatua moja kwenda nyingine, na mara nyingi humsaidia kwa kumkumbusha kwamba amewahi kupendwa. Kwa hiyo ndoto zako zinanieleza zaidi jinsi unavyoishi Dodoma mwezi huu kuliko zinavyonieleza habari za Mwanza. Ni ushahidi kwamba umebaki peke yako. Kama ni ushahidi wa mahali pa kupanga chumba, hilo bado halijajulikana.

Jambo la pili kuhusu kumbukumbu huwaudhi watu nikilisema, lakini nitalisema. Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Uingereza, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1932 kwamba mtu akikumbuka jambo hulijenga upya kila mara, na katika kulijenga huacha baadhi ya vitu na kuongeza vingine. Baadaye watafiti waliona kwamba uchungu wa matukio mabaya kwa kawaida hufifia haraka kuliko utamu wa matukio mazuri. Maumbile yametutendea wema hapo, maana vinginevyo tungeishi na kila aibu ikiwa mbichi kama siku ilipotupata. Lakini wema huo una gharama kwa mtu anayetaka kufanya uamuzi kwa kutegemea kumbukumbu. Wewe umebaki na kelele za Mwaloni asubuhi. Harufu umeiacha. Foleni ya ndoo siku maji yalipokatika, katika mji unaotazama ziwa kubwa kuliko yote Afrika, sidhani kama inakuja ndotoni.

Na hapa naomba nimtetee mama yako kidogo. Anaposema "kurudi nyuma" amekosea kuhusu mji, ila hajakosea kuhusu yeye mwenyewe. Ulikuwa kidato cha pili. Baba alipopunguzwa kazi, wewe ulihamishwa shule. Yeye alihesabu kodi iliyobaki, akaamua kipi kiuzwe na kipi kibebwe, akaenda kwao kuomba mahali pa kulaza watoto. Mwanza yake iliishia kwenye miezi ile. Mnapobishana kuhusu Mwanza, mnabishana kuhusu miji miwili tofauti. Kabla hujaamua lolote, mwombe akusimulie miezi ile ya mwisho Kirumba: walikula nini, walikopa wapi, nani aliwasaidia na nani alijificha. Usimuulize ili umshinde kwenye mabishano. Muulize kwa sababu anayo nusu ya habari ambayo wewe, kwa kuwa ulikuwa mtoto na walikulinda, hukupewa. Huenda ukagundua kwamba mengi unayoyapenda kuhusu Mwanza ni kazi ya mikono yake. Wewe uliishi Mwanza ambayo mtu mwingine alikuwa anailipia.

Kuhusu mji wenyewe, kurudi Mwanza si kurudi kijijini. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa ukiwa na watu milioni 2.77, na ya mwaka 2022 ikaukuta na milioni 3.7. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025, na wale waliokuwa wakipanga foleni ya kivuko kwenda Sengerema na Geita sasa wanapita na gari lao moja kwa moja. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, imo katika ujenzi. Kuna hospitali ya Bugando na wafanyakazi wake wengi, kuna chuo kikuu cha SAUT, kuna matawi ya vyuo vya fedha na biashara vya IFM, CBE na TIA, na ng'ambo ya daraja kuna Geita na dhahabu yake. Wahasibu wanahitajika kote huko. Ukirudi ukiwa mhasibu hutakuwa umerudi nyuma hatua hata moja.

Lakini hicho siyo unachoniambia unakwenda kufanya, sivyo? Hujaniandikia kuwa umeomba kazi Bugando au Geita. Umeniandikia kuhusu mama mdogo na rafiki wa shule ya msingi. Yaani mpango wako, ukiutazama vizuri, ni kurudi kwenye watu wa utotoni, kulala nyumba ya ndugu, na kufanya kazi kwa mtoto mliyeruka naye kamba. Sisemi ni vibaya. Nasema mpango huo una umri wa miaka 14, nawe una 24.

Hili la mama mdogo nataka tulikalie kidogo, maana hapa ndipo nimeona mabinti wengi wakiumia bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Binti aliyemaliza chuo akifika kwa ndugu bila kipato kinachoeleweka, wiki ya kwanza ni mgeni, anachinjiwa kuku. Wiki ya tatu ni mtoto wa nyumbani, anapewa funguo. Mwezi wa pili ndiye anayejua nani ameoga na nani hajala, ndiye anayeamka kuwaandaa wadogo zake shule, na akichelewa kurudi kutoka kazini anaulizwa alikuwa wapi. Hakuna aliyepanga hivyo. Ni nafasi tu iliyokuwa wazi, na yeye hakuwa na nafasi nyingine ya kusimama. Halafu anakuja kwangu akilia kwamba Mwanza imebadilika. Kumbe Mwanza ipo palepale. Kilichobadilika ni kwamba utotoni kazi hizo zilifanywa na mwingine. Ukienda kukaa Igoma kwa muda mrefu, nenda na tarehe ya kuhama na mchango wa mwezi unaojulikana, na vyote vitajwe mapema mbele ya mama mdogo kwa heshima. Na kumbuka kutoka Igoma hadi Kirumba, liliko soko la Mwaloni, ni kuvuka mji. Biashara ya Mwaloni inaanza mapema, na daladala za asubuhi hazijui kwamba wewe ni mtoto wa hapo.

Sasa nirudi kwenye sentensi uliyoipita haraka. "Bibi yangu alizikwa Kisesa nikiwa kidato cha sita, nilikuwa kwenye mitihani, sikwenda." Umeiweka katikati ya mambo mengine, bila maneno ya ziada, kisha ukaendelea na mshahara. Sijui bibi huyo alikuwa nani kwako. Lakini mtu aliyekosa mazishi hukosa mambo mengi kwa mpigo: hakuona jeneza likishuka, hakushika mchanga, hakukaa matanga na watu wanaolia kile anacholilia. Akili yake imepewa habari ya kifo, ila haijapewa kifo chenyewe. Ndiyo maana wengine huendelea miaka mingi wakihisi kuna mtu anawasubiri mahali fulani. Unaposema ni kama unaitwa, mimi nafikiri kwanza kuhusu Kisesa kabla ya Kirumba.

Habari njema ni kwamba kwetu jambo hili lina njia yake na halina muda wa kuisha. Unakwenda kuhani. Hata kama imepita miaka, unafika kwa waliobaki, unakaa nao, unasimuliwa siku zake za mwisho, unapelekwa kaburini. Mama mdogo yupo Igoma, na Kisesa ni mbele kidogo tu kwenye barabara ileile ya Musoma, mwombe akupeleke. Fanya hilo kabla hujaanza kutafuta chumba na kabla hujakaa na rafiki yako kuzungumza hesabu. Huenda baada ya hapo hamu itapungua nusu. Huenda isipungue, na hapo utajua kwamba kinachobaki ni mji kweli. Kwa vyovyote utaamua ukiwa umetua mzigo mmoja ambao haukuhusu ajira.

Tuje kwenye hesabu. Mshahara wa 550,000 hautaupata wote, na unajua. Ondoa asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, 55,000. Kodi ya mapato kwa kiasi kinachobaki ni kama 18,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi ni 82,500. Unabaki na 394,500. Kwa rafiki yako 300,000 inaingia mkononi nzima, tena Igoma hulipi kodi ya nyumba. Ukitazama mfukoni tu, tofauti ni kama 94,000, ndogo kuliko ulivyodhani. Lakini Dodoma zile 55,000 zinabaki kuwa zako, mwajiri naye anachangia, na deni la Bodi linashuka kila mwezi. Mwaloni deni linakaa pale pale likikusubiri. Kuna na jambo la CPA, ile sifa ya mhasibu aliyethibitishwa: kama una mpango wa kuifuata, NBAA, bodi ya wahasibu, watataka uzoefu wa kazi ya uhasibu unaothibitika, na daftari la dukani la rafiki, hata liwe safi namna gani, ni vigumu kulipeleka popote.

Sijaidharau kazi ya dagaa, na nikuombe nawe usiidharau kwa kumfurahisha mama. Mzigo wa Mwaloni unakwenda mpaka Kongo. Ni biashara ya watu wenye akili, na inamhitaji mhasibu kuliko ofisi nyingi zenye viyoyozi. Kuna mali kauli, mzigo unaoondoka leo na pesa inayorudi Mungu akipenda. Mvua ikinyesha dagaa wakiwa wameanikwa, mzigo uliokuwa chakula cha watu unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Na dagaa huvuliwa usiku kwa taa: siku za giza taa inawavuta, mbalamwezi ikikomaa taa inakosa nguvu na mitumbwi mingi hupumzika. Pesa ya biashara hiyo inapanda na kushuka na mwezi wa angani. Rafiki yako anakuahidi 300,000 kila mwezi. Muulize, bila aibu, siku za mbalamwezi mshahara wako unatoka wapi. Muulize kama anataka mhasibu, au anataka mtu mwaminifu wa kukaa na pesa yeye akiwa visiwani. Hizo ni kazi mbili, na ya pili huvunja urafiki siku droo ikipungua elfu hamsini.

Wewe ulimfahamu akiwa na miaka 14, yeye naye anakukumbuka wewe wa umri huo. Mnapaswa kutambulishana upya.

Ningekuwa mzazi wako ningekushauri hivi. Una muda hadi mwisho wa mwezi ujao. Panda basi, pita Singida, Nzega na Shinyanga, nenda Mwanza ukae mwezi mmoja wa angani, giza hadi giza, kama siku 29. Wiki moja haitoshi, kwa sababu wiki moja ni ziara, na kwenye ziara kila mtu anakupikia sato. Krismasi na sikukuu usiziguse kabisa. Mji wowote unapendeza watu wakiwa likizo. Nenda siku za kazi. Mshikie rafiki yako hesabu kweli, kwa malipo mliyokubaliana, katika wiki nzuri na wiki mbaya. Amka Igoma alfajiri ufike Mwaloni kwa daladala. Zunguka na dalali uone vyumba, upate bei halisi na uone kama wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Peleka barua za maombi ya kazi mahali kama matano, kwa mkono wako. Jumapili moja nenda Kirumba mtaani kwenu, ila usiifanye siku ya kwanza.

Ninapokutuma hivyo nina sababu moja hasa. Mwaka 1998 David Schkade na Daniel Kahneman, watafiti waliokuwa Marekani, waliwauliza wanafunzi wa vyuo wa California, kwenye jua na bahari, na wanafunzi wa majimbo ya kati yenye baridi kali, wameridhika kiasi gani na maisha yao. Makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa. Lakini walipoulizwa kukisia, wote waliamini kwamba watu wa California ndio wenye raha zaidi. Mtu akifikiria mahali, macho yake huenda kwenye kile kinachoonekana kwa mbali, kama jua, bahari, au kwa upande wako ziwa na mawe ya Bismarck. Mtu anapoishi mahali, siku yake inajazwa na bosi, nauli, usingizi, nani anamsalimia na nani wa kula naye jioni. Ziwa utalipata, ndiyo, na nakubali kwamba jua likizama pale Kamanga si jambo dogo. Ila litakuwa dakika chache za siku. Mwezi mmoja wa kazi utakuonyesha saa nyingine zinajazwa na nini.

Na ile hofu kwamba utakuta siyo ile? Utakuta siyo ile. Bora nikuambie leo. Duka la kona litakuwa la mtu mwingine, rafiki wawili watakuwa wameolewa Kahama, na mtu uliyemkumbuka kila siku atakuuliza "wewe ni wa nani vile?" John na Jeanne Gullahorn, watafiti wa Marekani, waliandika mwaka 1963 kuhusu wenzao waliokwenda kusoma na kufundisha ng'ambo, wakaeleza kwamba waliorudi nyumbani walipata msukosuko wa pili unaofanana na ule wa ugenini, na wengi hawakuutarajia, kwa kuwa hakuna anayejiandaa kuwa mgeni kwao. Mara nyingi hupita. Hatari ni kuamua katikati yake. Ukifika siku ya nne ukajisikia mkiwa kuliko ulivyokuwa Dodoma, usichukue hilo kama jibu, kama ambavyo hupaswi kuchukua furaha ya siku ya kwanza kama jibu. Subiri mbalamwezi ipite.

Wala hutaipoteza Mwanza ya utotoni kwa kuiona ya leo. Watu hudhani kumbukumbu na mji vitagombana. Katika wateja wangu waliorudi kwao, kwa kawaida vimekaa pamoja bila shida, mradi mtu asilazimishe kimoja kiwe kingine. Ndiyo maana hata ukihamia moja kwa moja sikushauri upange Kirumba mtaa uleule. Panga Nyegezi, au Buzuruga, au Nyasaka, mahali ambapo huna historia, pakujue kama mtu mzima. Kirumba iache uwe unakwenda kusalimia.

Ukinibana niseme ninaelemea wapi, kwa maelezo niliyonayo: naelemea mwaka mmoja wa Dodoma, kisha Mwanza. Sababu yangu ni tofauti na ya mama. Nataka urudi ukiwa na akiba ya kodi ya miezi sita, uzoefu unaoandikika na simu za waajiri wa kule, ili mji ukupokee ukiwa na mahali pako pa kusimama. Hesabu za rafiki yako unaweza kuzifanya hata ukiwa Dodoma, mwisho wa wiki, kwa picha za daftari kwenye simu na malipo madogo. Huko ndiko mtajuana kikazi. Lakini nitabadili mawazo mara moja ikiwa mwezi wako wa majaribio utaleta mojawapo ya mambo haya: rafiki akubali mkataba wa maandishi wenye NSSF na mshahara usiofuata mbalamwezi, au mojawapo ya barua zako tano ijibiwe. Hapo nenda, hata mama akinuna. Atanuna, kisha atauliza bei ya sangara.

Kuna hali moja ambayo ushauri wangu wote hapo juu uwekwe pembeni. Kama huzuni imekaa wiki mbili au zaidi karibu kila siku, usingizi umekimbia au umezidi, chakula hakipiti, mambo uliyoyapenda hayana ladha, au unashindwa kuamka kufanya hata shughuli ndogo, basi hiyo si hamu ya nyumbani, na kuhama mji hakutaitibu. Inabidi uonwe ana kwa ana. Dodoma mna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Najua jina hilo watu wanalifanya tusi mtaani, na nalichukia zoea hilo, maana limewachelewesha wengi; wanaokwenda kliniki wakarudi nyumbani siku hiyohiyo ni watu kama mimi na wewe. Ukiwa Mwanza, Bugando wana idara ya magonjwa ya akili. Na wazo la kutaka kufa likija, hata likija mara moja tu, mwambie mtu siku hiyohiyo na muende hospitali pamoja.

Kabla hujasafiri, wapigie wa Dodoma uulize mambo mawili: kazi inaanza tarehe ngapi, na mkataba unasemaje mtu akitaka kuuvunja kabla ya mwaka kuisha. Usikubali wala usikatae kwa sasa; muda waliokupa ni wako. Mama naye asisikie kwa watu kwamba umepanda basi. Mwambie mwenyewe, na uanze na habari ya Kisesa. Ukimwambia unakwenda kushika hesabu za dagaa mtaanza upya mabishano ya zamani. Ukimwambia unakwenda kumhani bibi, atakuuliza tu una nauli kiasi gani.